Mwisho Aliousimulia Baba Koku

Banda la video la Mirongo lilinuka vumbi lililomwagiwa maji, jasho la watu waliotoka kanisani, na deki iliyopata moto. Nikikutana na harufu hiyo popote, moyo hunienda mbio. Vijana hunicheka ninaposema hakuna filamu zinazozifikia zile za Kihindi za zamani, zenye vilio na nyimbo. Wanadai nyimbo zinachelewesha hadithi. Hawajui kitu. Kwenye wimbo ndipo mke alipopata nafasi ya kusema yote aliyoyameza mbele ya mama mkwe. Hizi za mapigano za siku hizi naziangalia huku napika, na sikosi kitu.

Mwaka ule wa mgao wa umeme, Baba alikuwa amevuka kivuko cha Kigongo kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, na salamu zake zikakatika. Babu mzaa mama akatuma ujumbe kutoka Kisesa kwamba mjomba angekuja Jumatatu kutuchukua, na habari ya kurudisha ng'ombe wa mahari tumwachie yeye. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Jumapili mchana akanishika mkono tukaenda bandani. Mimi nilitaka tubaki Mirongo. Niliogopa jambo moja tu, kwamba Baba angerudi akute mlango umefungwa, asijue pa kututafuta.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ya mke aliyetelekezwa na mumewe. Kihindi hakuna aliyekijua, hata Baba Koku, mwenye banda, lakini yeye ndiye aliyetutafsiria kwa sauti kubwa, amesimama kando ya televisheni, na ole wako umbishie. Kila mke alipoimba, vijana wa nyuma walipiga kelele, "Peleka mbele!" na kina mama wakawajibu, "Acha hivyo hivyo!" Mama yangu aliinama mbele, ameuma mdomo, akaubana mkono wangu mpaka vidole vikaniuma. Nilielewa kwamba anatazama kesho yetu. Mke akafunga mzigo, akambeba mwanawe, akafika mlangoni, akaanza kuimba. Umeme ukakatika.

Hakuna aliyeinuka. Desturi ya pale ilikuwa kwamba umeme ukikatika, Baba Koku anamalizia filamu kwa mdomo, maana kanda huwa ameshaitazama, na asubuhi yake inavushwa kwenda banda la ng'ambo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, hatukuonana.

"Baba Koku, anaondoka?" Mama akauliza.

Mtaa mzima ulijua habari zetu, na Baba Koku pia. Baba Koku akakohoa.

"Haondoki, mama. Anafika hapo mlangoni, roho inamuuma, anarudi ndani. Mume naye anarudi. Wanaimba wote watatu."

Watu wakapiga makofi. Nilifurahi mpaka nikalia. Jumatatu mjomba alirudi Kisesa peke yake.

Baba hakurudi. Mama aliuza maandazi palepale Mirongo akimngoja, miaka ikaenda, mpaka tukaacha hata kulitaja jina lake. Filamu ile niliipata juzijuzi kwenye simu, nikaitambua kwa wimbo. Siku hizi huhitaji mtu wa kukusimulia mwisho. Unagusa kioo, unauona mwenyewe. Niliutazama, na hasira ikanipanda dhidi ya Baba Koku, marehemu wa watu, ingawa najua alituonea huruma na alidhani anatusaidia. Yule mke hakurudi ndani. Aliuimba wimbo wote akitembea, akafika mji mwingine, akafungua duka la kushona. Mume alipomfuata, alimkuta amezeeka, anacheka na wajukuu.

Nilisita sana kabla ya kumwonyesha Mama. Aliitazama yote, wala hakutaka niruke wimbo hata mmoja. Ilipoisha akanirudishia simu, akakaa akitazama mikono yake.

"Kumbe aliondoka," akasema, "na hakufa."