Wainka Walioshinda Darasani Kwangu

Kuna Jumanne moja siisahau, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kunionyesha barua yako ya ajira ya ualimu, nimeona nikusimulie kabla hujafunga begi. Usinikatize. Ukinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, maana habari yenyewe hainipi raha kuisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa historia shule ya msingi kule Samuye. Nilikuwa na suruali moja ya kazini na kiburi cha mtu mwenye kumi. Siku hiyo nilifundisha habari za Wainka, wale watu wa milima ya Amerika ya Kusini waliokuwa na dhahabu nyingi kabla Wahispania hawajawafikia. Nikaeleza jinsi mfalme wao alivyoitwa kwenye mazungumzo, akaenda na watu wake bila silaha, wakamkamata. Nikaeleza alivyoahidi kujaza chumba kizima dhahabu ili aachiwe, na watu wake wakaibeba mabegani kutoka kila pembe ya nchi mpaka chumba kikajaa.

Dawati la mbele alikaa mtoto anaitwa Masanja. Baba yake alikuwa amefia machimboni mwaka huohuo, na tangu msiba alikuwa hasemi darasani. Siku hiyo akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo wakamwachia?"

Kitabu kilikuwa wazi mkononi mwangu, na kilisema walimnyonga. Nikamtazama yule mtoto, nikawatazama na wenzake, karibu wote wana baba au kaka shimoni, nikashindwa. Nikafunga kitabu. Nikasema, "Hawakumwachia. Alitoroka."

Basi, uongo ukishaanza unataka kulishwa. Nikasema mfalme alipanda milimani na watu wake, wakayakata madaraja yao ya kamba, wakakaa kimya huko juu. Farasi wa Wahispania wakafa njaa, wenyewe wakaugua baridi, mwisho wakapanda meli wakarudi kwao mikono mitupu. Wainka wakabaki na milima yao na dhahabu yao hadi leo. Darasa zima likapiga makofi, Masanja akasimama juu ya dawati, na mimi nikajiona mwalimu kweli. Muhula wote wakawa wananiomba Wainka, na kila nikisimulia naongeza chumvi. Mtihani wa mwisho haukuuliza habari hizo. Nikamshukuru Mungu, nikajisamehe upesi sana.

Ikapita miaka kumi na mitatu. Nikahamishiwa shule moja jirani na machimbo ya Mwakitolyo, na nani nikamkuta huko? Masanja, mwanamume mzima mwenye ndevu, ana duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na wenzake watano. Tukikutana njiani anavua kofia, ananiamkia Kisukuma. "Mwangaluka, Mwalimu!" Halafu anawageukia wenzake: "Huyu ndiye aliyenifundisha Wainka." Nilifurahi, nisikudanganye. Kazi hii haina mengi ya kumvimbisha mtu kichwa.

Masika yakaingia, na pamoja nayo likaja tangazo. Mwenye leseni ya eneo lile alitaka wachimbaji wadogo waondoke kabla ya Jumamosi, na maduara yote yafukiwe. Masanja na wenzake walikuwa wamechimba miezi minane, mwamba wa dhahabu wanausikia karibu, na ng'ombe wa mama yake walishauzwa wote kwa ajili ya shimo lile. Wakakataa kuondoka. Wakashuka chini wote sita, wakasema hawapandi mpaka mwenye leseni achoke, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kufukia shimo lenye watu. Ugali na maji wakawa wanateremshiwa kwa ndoo.

Siku ya pili yake mama yake akaja kwa lori kutoka Samuye, moja kwa moja mpaka ofisi ya walimu. Akapiga magoti kunisalimia, mama mtu mzima kuliko mimi. "Mwalimu," akasema, "Masanja hataki kupanda. Anasema watu wa milimani walikaa hivyohivyo mpaka wageni wakaondoka. Anasema umemfundisha wewe. Ni kweli walishinda?"

Walimu wenzangu wawili walikuwa wameacha kusahihisha madaftari, wanasikiliza. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu msaidizi wakati huo. Nikaona aibu, mwanangu, hicho tu, hakuna kingine. Nikasema, "Ni kweli, mama."

Akanitazama usoni, akasimama. Kisha akasema, "Basi twende ukamwambie mwenyewe."

Tukaenda. Udongo umelowa, unanasa viatu, na watu wamejaa pale kama mnadani. Nikainama mdomoni mwa shimo, nikamwita. Giza tupu, na ile miti wanayoiita matimba, inayoshikilia kuta, nikaiona inatiririka maji. Masanja akaisikia sauti yangu. "Mwalimu! Shikamoo! Afadhali umekuja. Hawa wenzangu wameanza kuogopa. Wasimulie, Wainka walishindaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Walishindwa, Masanja, panda juu. Maneno manne. Mama yake alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ameshika ncha ya kanga yake, ananitazama mdomo. Watu wote wanamsubiri msomi. Nami, mjinga mimi, nikasimulia. Nikasimulia vizuri kuliko siku zote, madaraja yakaongezeka urefu, farasi wakaongezeka idadi. Huko chini wakapiga makofi, na yale makofi yalipanda kutoka ardhini yakiwa mazito. Ninayasikia mpaka leo nikiwa nanyoa ndevu, nikiwa kanisani, popote.

Mama Masanja akasema, "Wabeja, Mwalimu." Asante. Akakaa chini kwenye matope.

Kesho yake mchana mvua ikashuka, ile ya kumwaga. Matimba yakaachia. Hakuna mtu aliyewafukia, nisimsingizie mtu. Mwenye leseni alikuwa hajaleta hata greda. Wanne waliwahi kupanda kamba. Masanja na mwenzake mmoja walitolewa siku iliyofuata, wamefunikwa mablanketi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliovuta kamba.

Tulimzika Samuye, hatua chache kutoka kwa baba yake. Siku ya tatu baada ya maziko nikajikaza, nikamfuata mama yake. Alikuwa uani anachambua choroko kwenye ungo. Nikakaa chini mbele yake. Nikasema, "Mama, nilidanganya. Wale watu walishindwa. Mfalme wao aliuawa, na dhahabu wakaichukua."

Hakuacha kuchambua. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Watu wafuatwe dhahabu yao, halafu waachwe salama? Nimezika mume kwa ajili ya dhahabu hiyohiyo, Mwalimu, nani angenidanganya mimi? Nilijua tangu pale ofisini." Akatoa jiwe dogo kwenye choroko, akalitupa. "Nilishamwita apande mara tatu, hanisikii. Wewe alikuwa anakusikia. Nilikupeleka pale shimoni ili ukweli umwambie wewe."

Hakunifukuza. Nadhani angenifukuza ningepona. Alinipikia zile choroko, nikala.

Nimestaafu sasa, nakaa hapa Nyasubi na kelele zake za bodaboda, na ninyi mnaniita Mwalimu kwa heshima. Kila mkiniita hivyo, namsikia yule mama. Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Utafundisha watoto walioona mabaya, na siku moja mtoto atakuuliza swali ambalo jibu lake linauma. Mpe jibu lenyewe. Halafu ukae naye, hata kipindi kiishe, hata mwalimu mkuu agombe. Usimpe ushindi wa kutunga, kwa sababu wewe utausahau na yeye ataondoka nao. Na kama umeshadanganya, maana na wewe ni binadamu, rudi kesho yake asubuhi useme mbele ya darasa lilelile. Usingoje miaka kumi na mitatu. Mtu akikuuliza jambo hilo mara ya pili, jua kuna roho inasubiri jibu lako, hata kama pana watu wa kukucheka.

Haya, funga begi lako. Mungu akuondolee aibu ile iliyonifunga mimi mdomo. Akupe sauti ya kusema nimekosea wakati bado inasaidia. Uzeeke ukiwa na wanafunzi wako wote hai, na siku yako ikifika wakuzike wao, wewe usimzike hata mmoja.