Shemeji Idarous na Milima Asiyoijua

Shemeji yangu Idarous alizaliwa Unguja, mtaa wa Ng'ambo, na mlima mrefu kuliko yote aliowahi kuupanda ni ngazi za stesheni ya New Street, hapa Birmingham. Lakini mwulize anakumbuka nini ujanani, atakwambia anaikumbuka milima ya Tennessee. Anaikumbuka kwa uchungu hasa, hata machozi humlengalenga. Marekani hajafika. Aliomba viza mara moja akanyimwa, basi akaamua kuikumbuka.

Mtu ana miaka sitini na minane, mjukuu wake yuko sekondari, lakini nywele anazitia weusi kwa piko na kuzisimamisha kishungi kwa mafuta, kisha anavaa jinzi iliyokunjwa miguuni na koti linalomfika magotini. Akipita Coventry Road na vazi hilo, Wasomali wa madukani humpisha kwa upole, wanadhani ni mgonjwa.

Kila mwezi huenda Moseley, kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa moja, ambako wazee wa Kiingereza wenye vishungi kama chake hukutana kusikiliza rockabilly ya mwanzo mwanzo, muziki wa vijana wa Marekani wa miaka ya hamsini, na hillbilly ya milimani iliyoizaa. Santuri ikiwa imetoka baada ya mwaka 1958, kwao si muziki tena, ni uchafu. Mwenyekiti wao hupenda kuhutubia kuhusu asili: banjo ilivyotokana na ala za Afrika Magharibi, ikavushwa na watu waliofungwa minyororo. Hapo wote humgeukia Idarous, naye hutikisa kichwa kwa huzuni kama aliyekuwapo. Mtu wa Unguja huyo, ukimpa ramani Gambia haioni.

Dada yangu Shemsa, mkewe, alikuwa akibaki nyumbani Small Heath. Idarous alimwambia wake hawaruhusiwi, naye akaamini. Na Shemsa si mtu wa kukaa nje ya muziki. Ujanani alikuwa akiinuka kwenda kutunza kwenye taarab, ukumbi mzima unageuka. Kwetu humtunzi mwimbaji kwa sauti yake tu. Unangoja ubeti unaosema yaliyo moyoni mwako, ndipo unakwenda mbele na noti yako ukicheza polepole, na yule uliyemkusudia anajijua pale alipokaa. Idarous huziita hizo kelele za harusini.

Juzi binti yao Zainab akaona picha za klabu kwenye simu. "Mum, look. Everyone's brought their wife." Wake wa watu hao, na gauni zao za madoadoa, wamejiegemeza kwa waume zao. Katikati yumo Idarous, anacheka, peke yake.

Shemsa akaitazama ile picha. Halafu akanambia, "Rukiya, vaa buibui lako. Tunakwenda Moseley."

"Kumgombeza?"

"Simgombezi. Nataka ainuke tu mbele ya watu aseme huyu mke wangu. Sitaki jengine."

Jioni hiyo ndiyo klabu ilikuwa inachagua mtu wa kupiga santuri, cheo alichokuwa akikililia miaka na miaka. Tulipoingia akatuona, na ghafla kamba za viatu vyake zikawa zinahitaji kufungwa. Mwenyekiti akatupokea vizuri, kisha akamwita, "Idarous, mate, are these ladies with you?"

Shemeji akainua kichwa. Akamtazama mama wa watoto wake.

"Never seen them, mate. Must be lost."

Alisema hivyo kwa lafudhi ya Birmingham safi kabisa, isiyo na chembe ya Tennessee. Nilimchukia wakati ule, nasema wazi. Nikataka kumwendea, Shemsa akanishika mkono. Mwenyekiti, maskini, akatupa viti na soda.

Akapanda mwimbaji, mzee mmoja anaitwa Emery, na gitaa lake, akaimba wimbo wa hillbilly wa kale. Ulimhusu mwanamume wa milimani aliyehamia mjini, akapata kofia mpya na marafiki wapya, akaanza kumwonea haya mama wa watoto wake. Wale wazee walikuwa wamekunja mikono, wanasikiliza kama wako mahakamani. Ubeti wa kofia ulipofika, Shemsa akainuka.

Akafungua pochi, akatoa noti ya paundi kumi, akaenda mbele kwa ule mwendo wake wa zamani, bega linapanda, bega linashuka. Akamtia Emery noti kwenye mfuko wa shati. Kisha akageuka, akamkazia macho Idarous, hakuyaondoa.

Emery ameimba maisha yake yote kwa watu waliokunja mikono. Sauti ikamkatika kwa furaha. Akaurudia ubeti, na Shemsa akatoa noti nyengine. Akaurudia tena. Ukumbi ukaanza kupiga makofi, mwenyekiti akipiga kelele kwamba hii ndiyo asili yenyewe, hii ndiyo Afrika! Hakujua kwamba mtu anachambwa mbele yake. Idarous alijua. Jasho lilimtoka likachanganyika na piko, mchirizi mweusi ukamshuka shavuni mpaka kwenye kola.

Wakampigia kura, akapita. Nadhani walikuwa na furaha tu, wangemchagua hata kiti. Mwenyekiti akaja kumshukuru Shemsa, akamwuliza kama ana mwenyeji mle ndani.

"No," dada akajibu. "Just my sister. We don't know anyone here."

Tukatoka. Tuko kituoni, tunasikia viatu vya soli nene vinakuja mbio. Idarous huyo, anahema, kishungi kimelala, uso wote unacheka. Akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na Mwingereza hata mmoja.

"Shemsa, mke wangu! Umeona? Wamenichagua!"

Shemsa akavuta buibui lake vizuri, akamgeukia kwa adabu zote.

"Samahani, mzee. Eti basi la Small Heath linapita hapa?"