Sukuma Zilizonyimwa Mbolea

Mutheu, dada ya mume wangu, alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu akisomea kilimo cha mboga, matunda na mimea mingine. Ili amalize, alitakiwa kufanya utafiti wa shambani. Wenzake walichukua nafasi katika shamba la chuo. Yeye akasema anataka udongo wetu wa Kitengela, huu mweusi ambao mvua ikinyesha unabaki na kiatu chako, na jua likiwaka unapasuka hadi mkono unaingia.

"Watu wa huku wanangojea sukuma wiki za Loitokitok na udongo wameukanyaga," aliniambia. "Nataka kujua huu unakubali nini."

Huo ulikuwa mwaka wa 2004. Mume wangu, Mwololo, alifanya kazi kiwandani Athi River, na ndiye alimlipia karo tangu baba yao afariki. Hiyo karo ilitajwa kila siku. Chai ikiwa na majani mengi, karo. Betri za redio zikiisha, karo.

Mutheu akapiga matuta nyuma ya nyumba. Mengine aliyapa mbolea ya mbuzi kutoka boma ya mzee Parmuat, jirani yetu mfugaji, mengine mbolea ya duka, na mengine hakuyapa kitu ila maji. Mimi niliishia darasa la nane lakini hilo nilielewa siku ileile: bila zile za njaa, huwezi kujua zile zingine zimesaidiwa na nini. Wikendi tulipima majani pamoja kwa tepu ya fundi wa nguo, Linda wangu akiwa mgongoni.

Shida ni kwamba matuta ya njaa yalikuwa upande wa njia. Sukuma zikawa za njano, zimesimama kama watu wamekemewa. Jirani yetu Rebecca akipita na mitungi yake lazima asimame.

"Mama Linda, hii ndiyo digrii? Kukausha sukuma hata mimi naweza, na sikuenda mahali."

Mama mkwe wangu, Nzisa, alikuwa amekuja kutoka Ukambani kunisaidia na mtoto. Hicho kicheko kilimchoma. Mutheu alimweleza mara nyingi, akimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kama tulivyomwita sote.

"Mwaitu, hizo usiziguse."

"Nimesikia."

Mutheu akabaki chuoni kwa mitihani, nami nikaenda Rombo kumuuguza mama yangu. Karibu mwezi mzima ulipita kabla hatujarudi, na tulirudi siku ileile. Tukafungua geti, Mutheu akasimama. Matuta ya njaa yalikuwa kijani kama yale mengine. Alipiga magoti, akachimba kwa kidole, akatoa mavi ya mbuzi.

"Nani?"

Mwaitu akatoka jikoni akijipangusa mikono, anatabasamu. "Ni mimi. Watu walikuwa wanakucheka, mwanangu. Na siwezi kuacha kitu kife mlangoni nikiangalia."

"Hazikuwa zinakufa, Mwaitu. Zilikuwa zinafanya kazi."

Mama wa watu akaondoa tabasamu polepole. Sijawahi kuona mtu akikasirika kama Mutheu siku ile. Alibaki pale chini hadi matope yakamkaukia magotini.

Jioni Mwololo alipoambiwa, alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema, "Si uko na kichwa? Kadiria. Andika zilibaki njano, umalize. Huyo mwalimu wako atatoka huko kuja kukagua sukuma?"

"Hapana."

"Hapana nini? Karo yangu inaisha muhula huu. Baada ya wewe ni mdogo wako Roy."

"Nitamwambia mwalimu ukweli."

"Na akikwambia urudie, utarudia na pesa ya nani?"

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikasema, "Baba Linda, nikimpeleka mtoto wako kliniki nimwekee mawe kwa nepi ndio mizani isome vizuri, utafurahi?"

Aliniangalia kama kiti kimeongea. "Na wewe umeingia chuo lini?"

Mwalimu alisema arudie. Wenzake wakavaa majoho, yeye akaenda kukata maua kwenye shamba moja upande wa Isinya, vidole vimejaa miiba, ndio ajilipie mwaka mwingine. Mwaitu aliomba msamaha na akasamehewa, ingawa kwa uso mkavu. Mwololo hakuomba.

Mara ya pili Mutheu alipanda kwa mzee Parmuat. Yule mzee hajawahi kushika jembe, na hakuona maana ya kulima kitu halafu ukinyime chakula. Lakini alikata miiba, akazungusha ua mwenyewe. "Umesema kisiguswe," akamwambia. "Basi."

Hakikuguswa.

Alipohitimu, Mwololo akachinja mbuzi, akaita watu wa kanisa. Chakula kikiliwa akasimama na kuwasimulia habari ya mbolea. Aliiga mama yake akiinama na karai, watu wakavunjika mbavu. Mwaitu alikuwa anaangalia mapaja yake.

"Lakini mimi kama kaka," Mwololo akasema, "nilimwambia, vumilia dada yangu, rudia, mimi niko nyuma yako."

Mutheu akaweka sahani chini. "Sivyo ulivyosema."

"Mutheu, kuna wageni."

"Ndio maana nasema sasa. Uliniambia niandike uongo. Mwaka wa kurudia nimejilipia mwenyewe. Na huyo unayemchezea hapo ni mama yako. Yeye alikosea kwa huruma. Wewe huruma yako ilikuwa wapi?"

Akamshika Mwaitu mkono, wakatoka nje. Mchungaji akakohoa. Rebecca, ambaye hajawahi kukosa neno, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

"Ni kweli," nikasema, na sikupunguza sauti. "Nilikuwa hapo nikisonga ugali."

Mwololo alikuwa bado amesimama. Nikachukua sinia ya nyama, nikawapelekea wale wawili nje kwanza.