Sifuri ya Mama Mkwe

Nilikuwa muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya Bariadi, miaka ile soko huria lilipotufikia na wanunuzi binafsi wa pamba wakatundika mizani yao kila njia panda. Kazi yangu, kwa lugha ya wagonjwa, ilikuwa kuwapiga watu nusu kaputi. Niliipenda. Mtu anayekubali kulala mikononi mwako amekuamini bila kukuuliza cheti, na mimi nilikuwa na kiburi cha kutosha kulifurahia jambo hilo.

Kilichotushinda ni pale mgonjwa alipoamka. Sindano za pethidini, ambazo ndizo hasa zilizotuliza maumivu ya kidonda, zilikuja kwa kusuasua. Maduka ya dawa yaliota mjini kama uyoga, yamejaa vidonge vya kila rangi, lakini sindano hiyo hayakuwa nayo. Ndipo akaja daktari kutoka Mwanza, kijana mpole aliyekuwa akisomea ubingwa, na utafiti wake. Alitaka kujua kama aina mbili za vidonge, zikimezwa kwa saa maalumu bila kusubiri mgonjwa alie, zingemtuliza mtu aliyepasuliwa sawasawa na sindano. Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo siwezi kulilaumu.

Tatizo ni kwamba maumivu hayana mzani. Daktari alikuja na rula ya karatasi yenye namba. Wagonjwa wetu waliigeuza huku na huku, wakamrudishia kwa adabu. Mimi ndiye niliyependekeza punje za mahindi. Unapewa punje kumi na sahani ya bati. Huumwi, unaiacha sahani tupu. Unaumwa hadi huwezi kuvumilia, unaweka zote. Daktari alifurahi sana. Wenzangu wakaniita Bwana Punje, na tukikaa kula waliniuliza ugali wa leo nimeupa ngapi.

Masharti yalieleweka. Aliyeweka punje tano au zaidi alipewa sindano papo hapo, bila ubishi. Ambaye punje zake zingeongezeka siku ya tatu, wakati zilitakiwa kupungua, mpasuaji aitwe haraka, maana huenda ndani mambo yameharibika. Muulizaji awe yule yule kwa wagonjwa wote, na jibu litoke kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa ndugu aliyekaa pembeni. Muulizaji nilikuwa mimi.

Kisha akaletwa mama mkwe wangu kutoka Sapiwi, juu ya lori la mnunuzi wa pamba, utumbo umejisokota.

Kwetu mkwe haangaliwi usoni. Nilikuwa nimemwoa binti yake kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo sikuwahi kula mbele yake, wala yeye hakuwahi kupita mlangoni niliposimama. Tukikutana njiani, mmoja wetu alikwepa pembeni, yeye akajitanda kanga, salamu ikapita kwa mbali. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na yule mama aliishika kuliko watu wote niliowajua.

Siku ya upasuaji, mwenzangu ndiye aliyempa usingizi. Mimi nilikaa nje. Kesho yake asubuhi nikachukua sahani na punje zangu, nikaenda kitandani kwake. Ningeweza kumwomba mwenzangu aulize. Ningeweza kumtuma shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuwa akimuuguza. Fomu ya utafiti ilisema muulizaji mmoja, nami niliiheshimu fomu. Tena, na hili naona aibu kuliandika, nilitaka daktari wa Mwanza anione mtu wa kisasa, asiyefungwa na mambo ya ukwe.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, macho sakafuni.

"Mwangaluka mhola." Sauti ilitoka ndani ya kanga. Alikuwa ameugeukia ukuta.

"Maumivu yakoje?"

"Mhola tu, baba. Sina neno."

Nikamweleza habari ya punje, nikaweka sahani karibu na mkono wake, nikageukia dirishani kumpa nafasi. Nilipogeuka tena, sahani ilikuwa tupu. Nikaandika sifuri.

Jioni, sifuri. Siku ya pili, sifuri, asubuhi na jioni. Bibi wa kitanda cha jirani, aliyepasuliwa henia tu, aliweka punje zote kumi kisha akaomba nimwongezee nyingine. Nilicheka. Nilijiambia kwamba watu wa Sapiwi ni wagumu, na kwamba vidonge vinafanya kazi.

Siku ya tatu akapata homa. Kwetu homa ikipanda mtu hatafuti mbali. Tukampa dawa ya malaria. Mpasuaji alipopita wodini alimbonyeza tumbo juu ya bandeji, mimi nimesimama miguuni mwa kitanda na fomu mkononi. Mama hakutoa hata mguno.

"Maumivu?" mpasuaji aliniuliza.

"Sifuri, toka mwanzo."

Akaenda kitanda kinachofuata.

Siku ya nne, kabla ya saa nne asubuhi, shemeji alinifuata akikimbia. Alisema tumbo la mama limevimba na limekuwa gumu kama ubao. Mwenzangu alikuwa amekwenda Shinyanga kufuata dawa, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumlaza. Nikaingia. Nilimshika mkono mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani, nikitafuta mshipa.

Ketamini, dawa yetu ya usingizi, hailazi mtu kwa mkupuo. Kuna dakika moja hivi ambapo akili inaachia kabla ya mwili. Katika dakika hiyo alinitazama usoni, macho wazi, akaanza kulia kwa Kisukuma, akimwita mama yake. "Mayu! Mayu!" Alisema tumbo linamkata. Alisema limeanza kumkata siku ile ile alipoamka, na halijampumzisha hata kidogo. Alisema yote niliyokuwa nikimuuliza kwa siku tatu. Kisha akalala.

Pale utumbo uliposhonwa palikuwa pameachia, na tumbo lote lilikuwa limejaa usaha. Alifariki kesho yake mchana.

Tulimzika Sapiwi. Msibani shemeji alinieleza, akiongea na kikombe chake cha chai zaidi kuliko na mimi, kwamba kila nilipotoka wodini mama alikuwa akiuma pindo la kanga. Alimsihi aseme. Mama alimjibu: "Nitamwambiaje mkwe habari za tumbo langu?"

Daktari wa Mwanza alikuja kutoa pole. Nikamwomba aitoe fomu ile kwenye utafiti. Alisema haruhusiwi kutupa jibu kwa sababu tu hatulipendi. Utafiti ulimalizika na vidonge vikaonekana vizuri, na kwa kweli ni vizuri. Watu wengi walipasuliwa baadaye wakapata nafuu kwa vidonge vile. Sifuri zangu zimo humo. Sijui zina uzito gani kwenye hesabu yao, na sikuthubutu kuuliza.

Mke wangu hakuwahi kuiona fomu. Aliacha msiba uishe, wageni waondoke, mikeka ikunjwe na kurudishwa kwa wenyewe. Jioni moja alikuwa akichambua mchele uani, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Nani alikuwa akimuuliza mama kama anaumwa?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Fomu ilitaka hivyo."

Aliendelea kuchambua kidogo, kisha mikono ikasimama.

"Na ulijua hawezi kukujibu."

Nikamwambia ndiyo, nilijua.