Daktari alisema hatari ni kubwa, mjomba akafungua group ya mazishi

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Voi jua linatuchoma bila huruma, lakini tuko. Haya ninayoandika sikusimuliwa. Nilikuwepo, handbag ya nyanya ikiwa mkononi mwangu.

Nyanya yangu ni mkulima kule Ronge. Alijikata mguu na jembe, akafunga kitambaa, akaendelea kupalilia. Huyo mama ni kichwa ngumu, hakuna wa kumwambia kitu.

Kidonda kikaoza. Tulimfikisha hospitali akiongea vitu havieleweki, akaingizwa ICU.

Daktari akatuambia ni sepsis, yaani maambukizi yamesambaa na viungo vya ndani vimeanza kulemewa. Akaingiza umri wake, pressure na vipimo vya damu kwenye kompyuta, ikatoa makadirio.

"Kwa umri wake na vile figo ziko, hatari ya kumpoteza ni kubwa," akasema.

Mimi nikakaa chini hapo kwa corridor. Mjomba, kifungua mimba wa nyanya, akatoka nje na simu.

Sasa mumjue mjomba. Hakuna mazishi Ronge yamefanyika bila yeye kuwa chairman. Kabla ya chai ya jioni alikuwa ashafungua group ya WhatsApp, "Safari ya Mwisho ya Mama". Hema zikatafutwa. Picha ikawekwa, ile ya kitambulisho, nyanya amenuna vibaya. Watu wakaanza kubishana kama wageni kutoka Bomeni watapikiwa pilau ama wali mweupe.

Na kwa ile haraka, mjomba akaongeza kila namba ya familia. Hata ya nyanya mwenyewe.

Nyanya akakataa kufa. Dawa zikashika, figo zikaamka, akahamishwa wodi ya kawaida. Kitu cha kwanza akaitisha simu yake. Nikampa, sikuwaza chochote.

Kidogo voice note ikaingia kwa group: "Mimi ndiye marehemu. Hiyo picha toeni. Na wageni wapikiwe pilau."

Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje.

Mjomba alipofika nikarudi naye ndani, akijikuna kichwa. "Mama, si daktari alisema hatari ni kubwa."

Daktari alikuwa akimpima mgonjwa wa kitanda cha pili, akageuka. "Nilisema kubwa, sikusema ameenda. Hayo makadirio yanatokana na wagonjwa wengi wanaofanana naye. Hayajui yeye ataangukia upande gani."

Nyanya akamtazama mwanawe. "Na wewe ukitafuta hema, mkono wangu ulikuwa umeshikwa na nani?"

 Mjomba akavuta kiti, akaushika ule mkono. Chairman mzima, machozi yanamtoka.

Kwa hivyo wakuu, ukipewa makadirio, uliza yanamaanisha nini na nini bado inaweza kufanywa. Halafu rudi kwa kitanda. Hema zitapatikana tu.

Group bado iko, siku hizi inaitwa "Bado Niko". Mjomba ameagizwa kupost kidonda kila asubuhi akishakiosha.

Kwenu nani hukimbilia hema kwanza? Mwageni hapa chini, ila kwa adabu. Nyanya anasoma comments.