Treni Ngapi Zaweza Kutoshea Stesheni ya Nakuru?

Sisi tuliolelewa katika landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, pale Nakuru tuliijua treni kwa nyayo kabla ya kuiona kwa macho: sakafu ilitetemeka, vikombe vya bati vikagongana rafuni, na Mama akakimbilia nguo kambani kabla moshi haujazifikia. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa makaratasi, tukala viazi vitamu vilivyochomwa kwenye majivu, na mikono yetu ikanuka grisi hata Jumapili kanisani.

Baba alikuwa mgeuza reli. Yeye ndiye aliyevuta wenzo ili treni ishike njia iliyokusudiwa. Jumatatu moja ya Novemba, nikiwa na miaka minane na miezi miwili, nilimwomba anipeleke shule Januari pamoja na kaka yangu Wafula. Akanijibu kwa swali.

“Nekesa, hii stesheni yetu inaweza kubeba treni ngapi za abiria? Ukinijibu Ijumaa, utaenda.”

Jumanne nilihesabu majukwaa. Jumatano nikahesabu reli, nikapata sita. Alhamisi nikaona treni mbili zimesimama kwenye reli moja, moja nyuma ya nyingine, na hesabu yote ikavurugika. Ijumaa nikajikaza.

“Sita, Baba.”

“Sita ziingie, sawa. Na zitatokea wapi? Kwenda Naivasha kuna njia moja tu. Dereva haondoki bila kile kipande cha chuma cha ruhusa, na kama kiko na treni nyingine huko njiani, atangoja. Stesheni, mama, haijazwi na zinazokuja. Inajazwa na zisizoondoka.”

“Kwa hivyo ni ngapi?”

“Inategemea.”

Wafula alicheka hadi akakohoa. “Ai, hata mimi sijui!”

Hata hivyo, Januari yeye alivaa kaptula mpya ya kaki, nami nikabaki kuteka maji. Nilingoja miaka mitatu kamili. Niliingia darasa la kwanza nikikaribia kumzidi mwalimu kimo.

Sasa nimezeeka; mume wangu amekwisha kupumzika kaburini, wanangu wote wamesoma, nami bado sijaelewa. Je, Baba alinipima akili, au alikuwa ameshaamua, akatafuta njia ya upole ya kuninyima? Na kama swali lilikuwa la haki, mbona Wafula hakuulizwa?

Siku hizi watu mjini wanazungumzia treni za kuwapeleka wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni. Jumamosi iliyopita nilimuuliza mjukuu wangu Naliaka, mwenye miaka minane, swali lile lile, nikimweleza kwamba reli zilikuwa sita. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

“Kukhu, hiyo ni simpo. Reli sita, treni sita. Uliza ingine.”

Enzi zetu jibu hilo lilinikalisha nyumbani miaka mitatu. Yeye Jumatatu saa moja asubuhi alipanda basi la shule, mkoba mgongoni, akinipungia mkono, bila kujua kwamba alikuwa amekosa.