Kichupa Cheupe cha Dirishani

Mashoga zangu, leo nusura mwanangu atiwe uchafu wa mnyoo jichoni!

Salima wangu kaamka na tongotongo. Mama mkwe akachukua kichupa cha maji meupe dirishani, akidhani nimekamua maziwa yangu ya kumdondoshea.

Nikanusa. Shombo tupu!

"Mama, usimtie!"

Mume wangu, anayemchimbia Mzungu mmoja mtafiti minyoo ya pwani kule Kaole, akaja mbio.
"Hizo mbegu za mnyoo dume, Mzungu kanipa nimtunzie. Zina vichwa na mikia, nimeziona kwenye hadubini."

Mbegu zenye mikia? Mimi nikanusa mganga na mke wa pili.

"Basi zilale uani."

"Zikiibwa je?"

"Na nani, baba Salima?"

Mama mkwe kacheka hadi kakaa chini.

Kichupa nimekipeleka uani mwenyewe. Mngekuwa ninyi, mngemwamini baba Salima?